Sonata kwenye Kilio cha Mama Mwansa

Wanaosema kisasi hakina faida ni watu waliolipiza vibaya. Walilipiza kwa haraka, hasira ikiwa bado inachemka, wakaharibu kila kitu, na sasa wanatuhubiria sisi. Kaka yangu Liévin Nkandu alilipiza vizuri. Alilipiza akitabasamu, mbele ya padri, mbele ya maiti, mbele ya watu tele wa Cité Albert, na hapakuwa na mtu aliyeweza kumkamata kwa lolote. Nataka kuyasema haya kabla sijafa, maana tuliokuwepo tumebaki wachache, na vijana wa Cité hiyo, ambayo leo inaitwa Kamalondo, wanamkumbuka tu kama yule mzee fundi cherehani aliyekuwa mkimya. Ukimya wake hawaujui ulitoka wapi.

Siku za kazi Liévin alikaa kwenye baraza ya duka la Mgiriki mmoja, akishona suruali za kaki za wazungu waliomwita boy ingawa alikuwa na ndevu. Jumapili alikaa kwenye kiti kingine. Kilikuwa kiti cha mbao kisicho na mgongo, mbele ya harmonium, kinanda cha kukanyaga cha parokia yetu, na Misa haikuanza mpaka yeye aweke vidole. Ninyi wa leo hamwezi kujua kiti kile kilikuwa nini. Katika Élisabethville ya wakati ule, Lubumbashi ya leo, mtu mweusi alisimama: alisimama kwenye foleni, alisimama mbele ya karani, alisimama kiwandani, na dukani alisimama nje kwenye dirisha la weusi. Mahali pa kukaa huku wengine wamesimama wakikusubiri palikuwa pachache mno. Kaka yangu alikuwa na kiti kimoja tu, na ndicho alichonyang'anywa.

Aliyemfundisha ni Padri Pierre, Mwitaliano mnene mwenye pumu, ambaye kwao aliitwa Pietro. Alimfundisha nyimbo zote za kanisa, za Kwaresima, za Pasaka na za maziko. Halafu, alasiri moja baada ya mazoezi ya kwaya, akamfundisha kitu ambacho hakikuwa cha kanisa. Alikiita sonata. Kilitungwa na Mwitaliano mwenzake aliyekufa zamani sana, kwa ajili ya kinanda chembamba cha nyuzi cha wakati huo. Jina la mtunzi alilitaja, mimi sikulishika. Nilichokishika ni muziki wenyewe, maana nilikuwa naimba sauti ya pili na nilikuwa nimekaa palepale.

Nitawaeleza ulivyokuwa, kwa sababu bila kuujua muziki huo hamtakijua kisasi. Ulikuwa mfupi na wa mbio. Mkono wa kulia unasema neno dogo. Mkono wa kushoto unalirudia papo hapo kwa sauti nzito, kama mtoto anayemwiga dada yake ili amuudhi. Wa kulia unasema tena, haraka zaidi, na wa kushoto unaiga tena. Kisha wa kushoto unachoka kukaa chini. Unaruka juu ya mwenzake, unagonga noti moja kule juu kabisa, unakimbia kurudi kwake kabla haujakamatwa, halafu unaruka tena. Kuna pia noti moja inayogongwagongwa mahali pamoja, ko-ko-ko-ko, vidole vikipokezana, kama mtu mwenye haraka aliye mlangoni. Vipande ni viwili, na kila kipande kinapigwa mara mbili, kwa hiyo kila mzaha unausikia, unaucheka, na unaungoja urudi. Halafu katikati ya kipande cha pili, muziki ukiwa kwenye mbio zake, ghafla kimya. Unadhani mpigaji amesahau. Mara unaanza tena mahali pengine kabisa, hauna habari, kama mtu aliyevunja sahani akatoka jikoni akipiga mluzi.

Mimi na Liévin tulipousikia mara ya kwanza tulitazamana tukacheka. Ule ulikuwa utani mtupu. Mikono miwili ile ilikuwa ya koo mbili za watani.

Kwetu utani unaitwa bunungwe, mtani ni munungwe, na utani haumuulizi mtu kama anautaka. Ukoo unaupata kwa mama. Sisi ni watu wa Mbuzi, na watani wetu ni watu wa Chui. Chui anaweza kunitukana sokoni, kunipokonya kikapu, kusema mume wangu ana miguu ya bata, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Nitamrudishia tu, tena kwa kicheko. Maneno ya mtani hayapelekwi kwenye kesi. Anayekasirika ndiye mkosaji, na anayekimbia amekiri kwamba yalimuuma. Siku ya kifo, watani ndio wanaokuja kuiga matembezi ya marehemu, kukalia viti vya wafiwa na kuwatania mpaka wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Watani hao hao ndio wanaobeba jeneza. Wasipobeba, maiti haitoki uani.

Padri Pierre alimwonya Liévin kitu kimoja. Harmonium inapumua kwa miguu, na hasira ya mtu hushukia miguuni. Ukikanyaga kwa nguvu sauti inavimba, noti fupi zinashikana, na mzaha unakufa. "Hii lazima upige na roho nyepesi," alisema. "Roho ikiwa nzito, iache tu, piga wimbo wa maziko."

Edouard Mwape alikuwa Chui. Alikuwa karani wa ofisi, alikaa miaka kadhaa katika seminari ndogo, akarudi bila kanzu lakini na Kifaransa kingi na tai ambayo hakuifungua hata akila bukari, ugali wetu. Alikuwa akiitafuta kadi ya mérite civique, ile karatasi ya serikali iliyotangaza kwamba mtu mweusi fulani ameendelea. Padri alikuwa na neno lake katika jambo hilo, na padri angemsemea vizuri zaidi mpiga harmonium kuliko mwimba besi wa mstari wa nyuma kama Edouard. Kupiga alijua kidogo. Mikono yake ilianguka mizito kwenye funguo, lakini ilianguka mahali pake.

Pumu ya Padri Pierre ilimrudisha kwao mwaka 1951. Akaja Padri Adrien, Mbelgiji mwembamba ambaye kicheko kilimtia wasiwasi, kama vile kila aliyecheka alimcheka yeye. Siku moja baada ya mazoezi, kanisa tupu, tulimwomba Liévin atupigie sonata. Akapiga. Sisi wachache wa kwaya tulikaa kwenye ngazi tukicheka kila mkono wa kushoto uliporuka. Edouard hakucheka. Alitoka taratibu, na aliporudi alikuwa na Padri Adrien.

Njiani alikuwa amemwambia kwamba wimbo huo ndio Liévin anaopiga kila Jumamosi kwenye baa karibu na stesheni, wanawake wakiinua vitambaa, yeye akilipwa kwa pombe, na kwamba sasa ameanza kuuleta mbele ya tabernakulo. Kaka yangu! Mtu ambaye pombe ilimtoa vipele, na mlango wa baa hakuujua ukoje kwa ndani. Padri Adrien alisimama mlangoni akatazama. Aliona mikono inarukana. Alituona sisi tumeshika mbavu. Sura zetu ndizo zilizotoa ushahidi. Hakuuliza swali hata moja. Jumapili iliyofuata Edouard ndiye aliyekaa kwenye kiti, na padri akatangaza kutoka mimbarini kwamba harmonium ya Bwana si chombo cha baa. Parokia nzima iligeuka kumtafuta kaka yangu kwa macho. Mama yetu alianza kwenda Misa ya alfajiri ili asikutane na watu, na mimi nilimlaani Edouard kwa kila tusi nililofundishwa na mengine niliyoyatunga.

Mjomba wetu Chanda alilipeleka jambo kwa wazee wa koo mbili. Edouard alikuja na tai yake, akacheka, akaketi.

"Baba, mi niko Chui, ule iko Mbuzi," akawaambia. "Nilimutania tu. Tangu lini mbuzi anashitaki chui juu ya utani?"

Wazee wakacheka. Mjomba akajibu kwamba utani unafanywa mbele ya ukoo, na kwamba padri hana ukoo, si Mbuzi wala Chui, na uongo aliobebewa aliumeza kama ukweli. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akamgeukia Liévin.

"Mutoto wetu, umekasirika?"

Huo ndio ulikuwa mtego. Angesema ndiyo, kesi ingetugeukia sisi. Kaka yangu akaonyesha meno.

"Hapana, Baba. Nikasirike juu ya nini?"

Ikaisha hivyo. Ukweli wetu ulikuwa mdomoni, tena mkavu kabisa, na dunia nzima ilikuwa inacheka. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mjomba akinung'unika kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi nilitaka tutafute vijana wa mtaa wa Kenya wenye mikono mizito wamngoje Edouard njiani. Liévin alikataa.

"Alinipiga na utani," alisema. "Nitamurudishia na utani. Wewe ngoja tu, Régine."

Tulingoja. Mchana nilimpelekea chakula pale barazani, na mara nyingi nilimkuta amesukuma kitambaa kando, vidole vinakimbia juu ya meza ya cherehani. Sauti hakuna. Ila mimi nilikuwa naujua muziki ule, nikautazama tu na kuusikia. Mwanzoni ulikuwa mbovu. Mkono wa kushoto ulichelewa kuruka, na pale kwenye ko-ko-ko vidole viligongana.

"Yaya, unapiga sawa unatwanga muhogo," nilimwambia, maana kaka mkubwa kwetu ni yaya.

"Ni juu ya Edouard," akajibu. "Nikimuwaza tu, mikono inakuwa mizito."

Hapo nikaelewa jinsi mzee Pierre alivyotufunga. Kisasi chenyewe kilikuwa ndani ya sonata, na sonata ilikataa kupigwa na mtu mwenye kisasi. Kwa hiyo kaka yangu alijifundisha kutomchukia Edouard kwa muda wa muziki huo mmoja tu, na kumchukia saa zote zilizobaki. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kusamehe. Kusamehe unafanya mara moja, unapumzika. Mimi nisingeweza. Mimi nilitema mate kila nilipopita mbele ya nyumba ya yule mtu.

Mvua za mwaka 1954 zilipoanza, Mama Mwansa akafa. Alikuwa mama yake Edouard, muuza samaki wakavu wa Kasenga pale sokoni, Chui mwenye ulimi mrefu kuliko wote. Kila alipomwona Liévin alipiga kelele, "Mbuzi wangu, nikupike lini?" naye alimwita Chui asiye na meno, wakagawana karanga. Yule mama alikuwa mtu mwema. Mtoto wake alimpata wapi sijui.

Edouard alikuwa ameshapata kadi yake, akataka mama azikwe kwa namna ambayo wazungu wangeiona. Alimwalika Padri Adrien, akamwalika bwana mkubwa wa ofisi yake, na akaagiza wanakwaya wabebe harmonium kutoka kanisani mpaka uani kwake, ili apige mwenyewe. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo angelifanya mtu wa aina yake tu. Akili yake yote ilikuwa kwa wageni wake, akasahau kwamba mama yake alikuwa na ukoo. Kanisani kiti kile kilikuwa cha padri kumpa amtakaye. Uani kwa mfiwa, kila kiti ni cha mtani.

Niliposikia kwamba harmonium imebebwa, nilikimbia mpaka kwa Mgiriki. Liévin alikuwa ameshafunga mashine na kuvaa koti.

Uani palijaa. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, wanawake wameketi mikekani, wanaume kwenye mabenchi, wazungu wawili kwenye viti vyenye mikono. Edouard alikuwa mbele ya harmonium, tai nyeusi, anajiandaa. Mara tukasikia sauti ya Mama Mwansa langoni.

"Samaki! Samaki ya Kasenga! Batoto, kujeni! Edouard, uko wapi, ile tai inakunyonga?"

Alikuwa Liévin. Amejifunga kitambaa cha kichwa cha marehemu alichopewa na binti zake, kikapu cha samaki kwapani, mkono mmoja kiunoni, anatembea akichechemea kwa mguu uleule wa kulia uliokuwa ukimsumbua. Nyuma yake walikuja wajomba zetu wa Mbuzi. Binti za marehemu ndio waliocheka kwanza, kicheko kilichochanganyika na kilio, halafu ua wote. Liévin alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye harmonium.

"Chui, ondoka mu kiti. Mama amechoka."

Edouard alimtazama padri. Padri alikunja uso. Katekista akainama sikioni mwake: "Ni desturi yetu, mon Père. Bale ni batani. Tukibazuia, habatabeba mufu." Padri akanyanyua mikono kidogo, kama kusema basi. Edouard akasimama, na kaka yangu akakaa.

Miaka mitatu alikuwa hajagusa funguo. Sikutazama mikono yake, nilitazama miguu. Akaanza sonata, na miguu ilikuwa myepesi.

"Hii mukono ya kuume, ni Mama," alisema akiendelea kupiga. "Anaita: Edouard, kuja kula! Hii ya kushoto ni Edouard: nakuja, Mama!" Wa kulia ukaita, wa kushoto ukaitikia, na watu wakamsikia Mama Mwansa kabisa, na mtoto wake mnene akiburuta sauti. "Edouard, lete maji! Nakuja, Mama! Edouard, uko wapi?" Mkono wa kushoto ukaruka. "Haiko! Alisharuka! Alienda ku mission!" Kisha zikaja zile noti za kugongagonga, safi, kila moja peke yake. "Mon Père, mon Père, mon Père, mon Père! Fungua! Mbuzi anacheza ku baa!"

Ua ukalipuka. Kila mtu aliijua hadithi ya baa. Na kwa kuwa kipande kinarudiwa, kikarudi, na safari hii umati wenyewe ndio ulioimba, wazee kwa watoto, wakigonga mabenchi: mon Père, mon Père, mon Père! Edouard alicheka. Ilimlazimu acheke. Jasho lilimtoka chini ya ukosi. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na Mungu anisamehe, sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Liévin akaingia kipande cha pili, mbio, mikono inafukuzana, inapandiana, watu wanaitikia. Halafu ikafika pale. Akainua mikono yote miwili juu ya funguo, akaiacha hewani. Kimya. Akageuka.

"Chui. Ile baa mi nachezaka, jina yake ni nani? Mama anauliza. Hatainuka kama hajasikia."

Wajomba zetu waliokuwa wameshashika mapao ya jeneza wakayaachia. Juu ya paa za cité mawingu yalikuwa yametanda, na kila mtu alijua kaburi lililochimbwa asubuhi litajaa maji wakichelewa. Edouard akajaribu kucheka.

"Haina jina."

"Juu ya nini?"

"Juu ile baa haiko."

"Na nani alisema iko?"

Edouard akatazama jeneza. Sijui aliona nini. Labda aliona mama yake anangoja kweli.

"Ni mimi," akasema. "Nilisema bongo, uongo mutupu."

Sikutegemea. Nilitegemea akane, ili tumtanie mpaka alie. Lakini watu wakapiga makofi! Walishangilia! "Chui amejibu!" wakapiga kelele. "Huyu njo munungwe ya kweli!" Walidhani anarudisha utani, tena kwa ustadi. Nikauona uso wa Edouard ukibadilika.

"Hapana, sikieni," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Siko natania. Liévin hakucheza ku baa hata siku moja. Mi nilipeleka bongo kwa mon Père, juu nilipenda ile kiti."

Mwanamke mmoja alianguka mkekani akishika mbavu. Edouard akamgeukia padri, akamwambia kwa Kifaransa, haraka haraka. Padri alitazama ua unaocheka, akamtazama katekista aliyekuwa naye anafuta machozi ya kicheko, akatikisa kichwa kwa uvumilivu, kama anavyowafanyia watoto wa katekisimu. Edouard akamshika mkono shangazi yake. "Tantine, ni kweli! Ni kweli yangu!" Shangazi akamfinya shavu. "Chui yangu," akasema, "unajua sana kuchekesha." Machozi yalimtoka Edouard, na hakuna aliyeyashangaa, maana alikuwa mfiwa.

Alisimama hapo alipowahi kusimama kaka yangu mbele ya wazee. Ukweli mdomoni, na dunia nzima inacheka. Nimeishi miaka mingi na sijaona mtu aliyelipwa kwa kipimo sawa namna ile. Liévin aliinama kidogo kuelekea kwake. Alichosema tulikisikia watatu tu.

"Inauma, eh?"

Kisha mikono ikashuka, na sonata ikaanza tena mahali pengine, nyepesi, haina habari, ikakimbia mpaka mwisho wake. Liévin akavua kitambaa, akakilaza juu ya jeneza, akaingiza bega chini ya pao pamoja na wajomba. Makaburini alimlilia Mama Mwansa kwa kwikwi, na kilio hicho hakikuwa cha utani.

Baada ya hapo Edouard hakuwa tena Edouard. Mjini kote aliitwa Mon Père-Mon Père. Jumapili, akiweka tu vidole kwenye funguo, mtu mmoja huko nyuma alikuwa akigonga benchi kwa ukucha, ko-ko-ko, na mabega ya kwaya yakaanza kutikisika. Kukiacha kiti hakuweza. Kimila, anayekimbia utani amekiri umemuuma, na asingepita tena mbele ya wazee. Na kwa Padri Adrien, kukataa kazi aliyopewa kungekuwa utovu wa shukrani kwa mtu aliyemsemea kadi. Akakaa, akapiga, akachekwa.

Siku moja, mvua zikikaribia kuisha, alikuja barazani kwa Mgiriki. Hakuwa na tai. Mimi nilikuwa nimeleta chakula.

"Liévin, ndugu yangu," akasema. "Nilienda kwa mon Père, ku ofisi yake, miye peke yangu. Nilimuelezea yote. Unajua alifanya nini? Alicheka. Ule muntu hachekake, alicheka! Alisema, Edouard, mama amezikwa, utani umeisha, rudia ku kazi." Alishika ukingo wa meza ya mashine. "Twende wote wawili. Ukisema wewe, ataamini. Atakurudishia kiti yako. Mi nimechoka, kaka. Naomba."

Yote mengine niliyasahau. Nilikiona kiti, nilimwona Mama yetu anarudi Misa kubwa na kilemba chake cha sikukuu, nilimwona kaka yangu amekaa na watu wamesimama.

"Yaya, enda!" nikamwambia. "Enda leo leo!"

Liévin alikata uzi kwa meno, taratibu.

"Banakuchekaka kila dimanche?" akauliza.

"Kila dimanche," akasema. "Jumapili zote."

"Na ukipiga, mikono inakuwa je?"

"Inatetemeka."

Kaka yangu alikuwa amekonda miaka ile, na mimi najua kuliko mtu yeyote jinsi alivyokitaka kiti kile. Alikiota, alikiongelea usingizini.

"Hapana, munungwe," akasema kwa upole kabisa. "Sina nafasi. Suruali ni mingi."

Edouard akaondoka kwenye jua kali bila kofia. Nilimgeukia Liévin kwa hasira ambayo sijawahi kumwonyesha kabla ya hapo. Nilimuuliza kama ana wazimu. Nilimwambia kiti ni chake, mwenye kukiiba amekuja mwenyewe kukirudisha, na yeye anaongea habari za suruali.

"Régine," akasema, "nikirudia mu kiti, yeye atatoka. Mi sipendi atoke."

Edouard alikalia kiti kile mpaka mwaka wa uhuru. Kaka yangu hakugusa harmonium tena maisha yake yote, na sikuwahi kumsikia akijuta.